Jina Lililotokea Kwenye Simu

Buseresere

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, bado unakwenda hospitali ya Kolandoto kubadilishiwa bandeji? Huku tu wazima, ila Noela anaota meno na hatulali. Mvua zimechelewa, lakini alizeti imesimama. Barua hii naomba wifi Salome akusomee mkiwa wawili tu.

Mimi na jirani yangu Mwanaima, yule mjane anayeuza mafuta ya kula sokoni, tulikubaliana kununua mashine ya kukamua alizeti. Mwanaima alikwenda hadi Shinyanga mjini, akaiona dukani, akaacha namba yake ya simu. Kesho yake akapigiwa na kijana mpole aliyejua hata rangi ya mashine aliyoichagua. Alisema namba ya malipo ya kampuni inasumbua, hivyo tutume kwa namba ya mhasibu, tena upesi, maana kuna mteja mwingine anaitaka.

Mimi roho ilikataa. Nilimuuliza Mwanaima, tukituma kwa simu ya mtu binafsi, kesho tutaidai kampuni kwa risiti gani? Akanijibu, "Mama Noela, wewe humwamini mtu. Mashine itaondoka." Akatuma fungu lake, akiba yote aliyoweka tangu mumewe afukiwe na kifusi kwenye shimo la machimbo.

Sikutulia. Nikapiga dukani kwa namba iliyo kwenye kipeperushi chao. Mwenye duka akasema namba yao haijasumbua hata kidogo, na pesa isiyopita hapo wao hawaitambui. Tukapiga huduma kwa wateja, tukaomba muamala uzuiwe. Tulichelewa, pesa ilikuwa imeshatolewa.

Ndipo nikaomba simu ya Mwanaima niusome ule ujumbe wa muamala. Jina la mpokeaji lilikuwa Adam Mageni.

Nilijipa moyo kwamba majina hufanana. Nikaipiga ile namba. "Ofisi ya mauzo, karibu," sauti ikaitika. Mayu, ni Adam wetu. Nikakata simu. Baadaye mwenye duka alithibitisha kwamba ndiye mlinzi wake wa mchana, wakati wewe unajua anachimba dhahabu Bulyanhulu.

Kituoni polisi walituuliza kama tunamfahamu. Mwanaima akasema hapana. Ningeweza kunyamaza, kwani yeye haujui ukoo wetu. Nikasema, "Ni mdogo wangu, tumbo moja." Mwanaima akautoa mkono wake begani kwangu. Hajanisemesha hadi leo.

Adam hajaonekana kazini. Nashuku yuko kwako, na simu yako anaipokea yeye, ndiyo maana sikupiga. Usimfiche, Mayu, wala usimfukuze. Mwambie aende mwenyewe polisi kabla hawajamfuata hapo nyumbani. Na yule ng'ombe wangu aliye zizini, muuzeni, Mwanaima apate chake.

Nisalimie Rhoda na watoto wote. Mungu akuponye mguu.

Mwanao akupendaye,
Agnetha