Ampuli Inapofifia Saa ya Chakula

Jumatatu, 4 Mei

Kopi za mtihani wa darasa la nne la sekondari bado rundo. Jioni ampuli, taa yangu pekee, imefifia tena nikiwa katikati ya kusahihisha. Kama kawaida. Nalaani, nasogeza kopi karibu na pua, naendelea.

Furaha, mke wangu, hakupiga simu. Yuko Kampala kwa kaka yake, pamoja na watoto wetu. Mimi nimebaki huku mtaa wa Majengo na chaki.

Papa Bosco, mwenye nyumba, alipita. Waya chini ya bati umeungua kwa mara ya pili. Anasema kuna mpangaji anayepikia rishoo, jiko la umeme alilokataza. Akimjua, Jumapili anamtoa. Kwa kuwa nafundisha fizikia, kazi ya kumtafuta kanipa mimi. Nimekubali. Huyo mtu ananiharibia macho.

Jumanne, 5 Mei

Nimeazima shuleni pensi ya kupimia. Unabana waya nayo, inakuambia ampere; kwa sindano zake mbili inapima volti pia. Waya mmoja kutoka kwenye nguzo unalisha milango yetu minne. Mchana, volti 204. Jioni ampuli ikafifia: volti 192, na ampere 4 zinaelekea kwa Mama Riziki, mlango wa pili.

192 gawanya kwa 4: omu 48. 192 mara 4: wati 768. Hiyo si redio. Ni rishoo.

Ni mwanamke mzee. Alikuja kutoka hema za wakimbizi za Kanyaruchinya zilipobomolewa. Anaishi peke yake. Tunapeana jambo bila kusimama. Niandike ukweli: nilifurahi kumkamata.

Jumatano, 6 Mei

Niliandika namba zilezile ubaoni. Wanafunzi wakaipata 768 kabla sijageuka. Mmoja akauliza rishoo ni ya nani. Nikasema ya kitabu.

Jioni nimegundua jambo nisilolipenda. Nilikuwa nimekata mkate, nimekaa, nasubiri ampuli ififie. Ikafifia, ndipo nikala. Nadhani nafanya hivi siku nyingi. Kumbe kuna mtu ninayekula naye, na mwenyewe hajui.

Alhamisi, 7 Mei

Asubuhi Papa Bosco alipiga kelele uani: Jumapili mtu atabeba godoro lake. Mama Riziki alikuwa anaosha sufuria. Hakuinua kichwa.

Jioni ampuli haikufifia. Mwanga mweupe, umetulia. Kopi zote nimemaliza. Mkate ulinishinda.

Ijumaa, 8 Mei

Haikufifia tena. Wala harufu ya makaa hakuna. Kikohozi tu upande wa pili wa ukuta. Anakula nini?

Nilimpigia Furaha. Watoto wamelala, akasema. Kwetu jua lilikuwa halijazama, na Kampala wametutangulia saa moja tu. Sikubisha.

Nikarudi kwenye hesabu, maana hiyo inanijibu. Akiwasha, tunapoteza volti 12. 12 gawanya kwa ampere 4: omu 3, ndani ya waya wenyewe. Haiwezekani. Waya mfupi hivi haupaswi kufika hata omu moja. Na 12 mara 4 ni wati 48, joto tupu linaloishia mahali fulani njiani. Hilo ndilo linalounguza. Nilimtafuta mtu, sikulitafuta joto.

Akitolewa, ataenda wapi? Hema hazipo. Shamba lake la Rutshuru analilima mwingine. Nina aibu.

Jumamosi, 9 Mei

Nimezima umeme kwenye swichi ya nguzoni, nimepanda juu ya meza. Kikulacho ki nguoni mwako: ni juu ya mlango wangu mwenyewe, pale waya wa nguzo unapokutana na wa nyumba. Nyaya zimesokotwa kwa vidole tu, zikafungwa mfuko wa plastiki. Nyeusi kama kitako cha sufuria. Nimekata, nimekwangua hadi shaba ikang'aa, nimekaza kwa domino, kile kiungio cha skrubu.

Nimejaribu kwa pasi ya Furaha. Haijaguswa tangu aondoke. Ampere 4. Volti kutoka 204 hadi 202. Nusu omu.

Basi nikanyoosha mashati mawili.

Jumapili, 10 Mei

Papa Bosco alikuja baada ya misa. Nilimwonyesha kile kipande cheusi. Nikamweleza: hiki ndicho kilichokuwa kinaungua, waya mzuri unaibeba rishoo bila taabu. Akauliza rishoo ni ya nani. Sikumtaja mtu. Aliuliza tena. Nikamwekea kile kipande kiganjani.

"Ikiungua tena, njo wewe utatoka, mwalimu."

Nikasema sawa. Mama Riziki alikuwa mlangoni pake, alisikia yote. Akaingia ndani, akafunga.

Jumatatu, 11 Mei

Pensi nimeirudisha shuleni. Nimekata mkate. Nimekaa.

Giza limeingia, ampuli haijatikisika. Labda anapika. Labda bado anaogopa, analala njaa. Zamani ningejua bila kusimama. Sasa waya ni mzima, hauniambii kitu. Nimeutengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikaa nikiitazama ile ampuli kwa muda mrefu, kama mjinga.

Kisha nikachukua mkate, nikaenda kupiga hodi.

"Ni nani uyo?"

Mwaka mzima ukuta mmoja, na sijawahi kumwambia jina langu.

"Ni jirani, mama."

Alifungua. Alikuwa anapika maharage.