Masale Katikati ya Njia

Mama, shikamoo. Sikutaka kukuamsha. Ng'ombe nimemkamua na majani yapo nyuma ya banda. Maziwa usiyapeleke leo, usipite njiani mpaka nirudi.

Alfajiri nimekuta baba mdogo Eliakimu amepanda masale ya mpaka katikati ya njia yetu pekee. Nikamwambia kihamba chetu, nyumba na migomba yote, kimezungukwa na chake pande zote. Akacheka, akanidhihaki kwa mashairi yangu kama kawaida: "Basi ruka juu, mshairi." Nikayafyeka yote kwa panga.

Najua, Mama. Masale hayakatwi. Haki ya kupita ni yetu tangu enzi za babu, lakini sasa mkosaji ni mimi, na ameshakwenda kunishtaki kwa wazee wa ukoo.

~~Simwombi radhi hata nife.~~ Nimechuma jani la sale la kuombea msamaha, nakwenda kumpa mbele yao. Kwa mila hawezi kulikataa. Akishanisamehe, nitadai njia palepale.

Baba alipoletwa kuzikwa hapa nyumbani, Eliakimu ndiye aliyebeba jeneza kwa mbele. Nitamwomba awaambie wazee alipita wapi na jeneza lile.

Uji uko jikoni. Kunywa, usinisubiri.

Kitindamimba wako,
Ndesario