Dakika Mbili na Sekunde Ishirini na Sita

Jumatatu, 3 Machi

Sauti ya Mjomba imepotea. Imepotea Jumamosi, kati ya kompyuta yangu na ya shemeji. Hadithi ya mwisho, dakika 44 na sekunde 6 — kaunta niliizima kwa mkono wangu. Na hairudiwi! Siku mbili baada ya kurekodi alipasuliwa koo, sauti ikaishia hapo. Mpiga mnada wa miaka thelathini, leo anaongea kwa chaki na kibao.

Nilimpa shemeji, mume wa mdogo wangu, kwa kuwa kompyuta yake ina programu ya kuondoa kelele; hata Mjomba nilimwambia mapema. Kanakili mwenyewe, kasema kachukua mafaili yote. Nikafuta kwangu, diski ilikuwa imejaa pomoni. Leo kaniletea mradi, kazi aliyoifanya kwenye programu ile, naufungua — mistari mitupu, na ujumbe kwamba faili halipatikani. Naye: labda mashine yako imezeeka, shem. Mashine niliyoinunua kwa kukodisha spika kwenye harusi za watu!

Nikatazama ukubwa. Megabaiti 3. Sauti ya dakika 44 haishuki chini ya 233. Kapu limefika, maembe hayamo.

Jumanne, 4 Machi

Nimeelewa. Mradi ni maelekezo tu: kata hapa, punguza pale, sauti yenyewe iko folda fulani. Shemeji kaniletea maelekezo, sauti kaziacha kwake. Nilifurahi kama mtoto aliyefungua redio akakuta hakuna watu ndani. Maana mtoto huyo nilikuwa mimi, na fimbo zake nazikumbuka.

Jioni wakaja yeye na mdogo wangu, na folda ya sauti. Shemeji, mtu ambaye huongea hata na mlango, kajishughulisha na kufuta vumbi kwenye spika zangu. Nikabonyeza. Lo! Mjomba anauza ng'ombe kwa sauti ya chiriku. Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nami nilicheka, kidogo. Shemeji hakucheka. Kaaga mapema, eti kichwa kinamgonga.

Hadithi imeisha kwa dakika 38 na sekunde 17. Mbona?

Jumatano, 5 Machi

Nimeipata. Mimi hurekodi vipimo vya sauti 44,100 kwa sekunde. Mradi wa shemeji umewekwa 48,000. Mashine inavimeza haraka kuliko vilivyopikwa, ndiyo sauti ikapanda. Nimebadilisha namba moja tu — Mjomba huyo hapo! Kikohozi chake. Kiti kinavyolia akiegemea. Nilisikiliza mpaka chai ikapoa.

Lakini hesabu inakataa. Ingekuwa kasi peke yake, 44:06 ingeshuka hadi 40:31, si 38:17. Na sasa kasi imenyooka, inasoma 41:40. Pungufu dakika 2 na sekunde 26. Programu haili sekunde.

Nikaivuta karibu picha ya sauti. Kuelekea mwisho, mkato. Nadhifu, kingo zimelainishwa zisisikike. Huo ni mkono wa mtu.

Napajua pale. Jirani yetu fundi wa kuchomelea aliwasha mashine, nikatoka kumbembeleza azime. Maiki niliiacha inarekodi. Nilivyorudi Mjomba akasema, nimemaliza. Alimaliza nini, na mimi sikuwamo?

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji hapokei simu. Kapokea mdogo wangu.

"Dada, dakika mbili tu! Wewe hata punje za chumvi unazihesabu."

Nikamwambia ndiyo, na ndiyo maana kwangu chumvi haiishi.

Kacheka, kisha kashusha sauti. Mumewe siku hizi kila jioni anakwenda kumnyoa Mjomba ndevu. Nani? Yeye! Mjomba huyu aliyetulea hakuwahi kumsemesha tangu alipoleta posa. Miaka tisa anamwita "huyo bwana", hata akiwa amekaa mbele yake. Nimeuliza ilianza lini hiyo kunyoa. Jumapili, kasema.

Mafaili aliyachukua Jumamosi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa Mjomba. Kidevu kinang'aa kama yai. Nikamwuliza: nilipotoka kwenda kwa fundi, ulisema nini?

Kaandika: MUULIZE MWENYE MASIKIO.

Nikamwambia niandikie basi, hata neno moja. Kafuta kwa kiganja, kaandika: MNADA UMEFUNGWA. Kagonga meza mara tatu, mabega yakitikisika kwa kicheko kisicho na sauti.

Nikapandwa na hasira. Maiki kanunua nani? Wiki tatu kakaa nawe nani, nikikushikia maji? Huyo bwana hata mlangoni hakuwepo!

Hakucheka tena. Safari hii aliandika taratibu, kila herufi peke yake.

NILISUBIRI UTOKE.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwao bila kutoa taarifa. Geti lilikuwa wazi. Shemeji uani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi, spika za masikioni. Hakuniona. Anasikiliza tu. Kajifuta uso kwa kola. Kabonyeza tena. Nikatazama saa yangu. Kabonyeza tena baada ya dakika mbili na nusu hivi.

Nikarudi nilikotoka. Sikubisha hodi.

Basi haijafutwa! Nimeshukuru Mungu barabarani, peke yangu, watu wakinitazama. Halafu ikaniuma. Miaka yote hii mimi ndiye mwana. Mwenzangu kapata sekunde 146, na za mwisho.

Nyumbani nikamwandikia. Kajibu: shem, nitakuja siku moja tuongee. Siku moja! Nikaandika tena, na hii naiweka hapa kama nilivyoituma:

Shemeji, sitaki tuongee. Sikuulizi Mjomba alikwambia nini. Ni yako, sitaisikiliza mpaka mwenyewe uniite. Ila nakala ni moja duniani kote, nayo iko ndani ya simu unayokwenda nayo hadi chooni. Ikitumbukia, Mjomba hana koo la kukurudia. Niletee nakala ya pili niifungie kabatini, ufunguo ukae nao wewe. Unaleta au huleti? Jibu neno moja. Kesho, kabla ya saa nne asubuhi.