Kulwa na Doto wa Dozi Moja

Mayu,

Shikamoo, mama yangu. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini ulinilea hivyo, siwezi kuanza neno na mkubwa bila salamu.

Mtoto uliyemwacha kabla hata kitovu chake hakijakatika sasa anatembea. Hatembei hasa, anakimbia kama kifaranga, mpaka kwa jirani yako Mama Kalunde, na huko anakaa na mtoto wake wa umri uleule, wanagombea michembe ya viazi vikavu na kunyang'anyana vipande vilivyokwisha lowa mate. Kijiji kizima kinawaita Kulwa na Doto. Mgeni akiuliza imekuwaje pacha wakawa na mama wawili, wanawake wanacheka: "Hao ni pacha wa dozi moja!"

Hapo mimi huinamisha uso. Kila mara, Mayu.

Maana yake niliijua siku tulipoanua matanga, Mama Kalunde aliponivuta nyuma ya jiko akilia. Alinieleza jinsi baba yangu na mume wake walivyoteremka kwenye lori moja kutoka mashamba ya tumbaku ya Urambo, kabla hamjawatazamia. Wewe ulikwisha onywa na daktari wa hospitali ya Kitete, baada ya kupasuliwa wakati wa uzazi, kwamba mimba nyingine ingekuua. Kesho yake ukaenda mbio kwa nesi wa zahanati. Akakupa vidonge vya dharura: viwili umeze jioni ile, viwili jogoo akiwika. Vya jioni ulimeza. Alfajiri mkakutana kisimani, Mama Kalunde akakwambia shida yake ni hiyohiyo, nawe ukafungua ncha ya kanga ukampa vile viwili vilivyobaki.

Ni wewe kabisa. Wewe uliyegawa chumvi ya kijiko kimoja. Wewe uliyeniambia, "Anayekula peke yake huzikwa peke yake." Mlilima shamba moja, mkachota maji kisima kimoja. Nani angekufundisha kwamba kuna kitu kisichogawanywa?

Mkapata mimba wote wawili, na Mama Kalunde alidhani vidonge vilikuwa vibovu tu. Yeye alijifungua akapona. Wewe...

Sitaandika hapo.

Likizo hii nilimbeba mtoto wako kwenda kupimwa uzito. Nilikuwa na sketi yangu ya shule. Mama mmoja kwenye foleni akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kusikika, "Serikali inasomesha, wao wanazaa." Nilitamani kumjibu kwamba huyu ni mdogo wangu. Jasho lilinitoka mpaka mtoto akateleza mgongoni. Lakini zamu yetu ilipofika, nilimwuliza nesi habari ya vidonge vile, nikitazama mizani badala ya kumtazama yeye. Hakunikaripia, akanieleza yote. Alisema, "Dawa hii si ugali, binti. Ukiimega, hamshibi hata mmoja."

Nilidhani nimeuliza kwa ajili ya kujua tu.

Juzi tulikuwa tunabangua karanga uani kwa Mama Kalunde, mimi, yeye, na Nyamizi, yule mke mdogo wa fundi baiskeli. Wanaume wamerudi tena kutoka kwenye tumbaku. Nikamwona Mama Kalunde anafungua ncha ya kanga. Vidonge vinne. "Chukua viwili, mwenzangu," akamwambia Nyamizi. "Zahanati ni mbali, na mumeo naye amerudi."

Mayu, unajua desturi yetu: mambo ya chumbani binti huambiwa na bibi yake, gizani, naye hanyanyui macho. Binti kuwaambia wake za watu! Nilihesabu maganda ya karanga. Nikaona mkono wa Nyamizi unafunguka, nikaona mkono wako.

Nikasema, "Msigawane."

Nyamizi akapiga makofi. "Jamani! Haya ndiyo wanayofundishwa Tabora? Mwanafunzi anajuaje vidonge vya wake za watu?" Mama Kalunde hakucheka. Alinitazama kama aliyemwagiwa maji.

Nilisema yote huku nimetazama ungo, kwa Kinyamwezi, kwa maneno yale ambayo binti hayasemi. Kwamba vinne ni vya mtu mmoja. Kwamba hufaa zaidi ukiwahi, siku ileile au ya pili, usingoje. Kwamba ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, urudi kwa nesi akupe vingine. Kwamba haviondoi mimba iliyokwisha ingia, wala havikulindi usiku unaofuata, na aliye na mume wa kwenda na kurudi aombe njia ya uzazi wa mpango ya kutumia siku zote. Sauti yangu ilikuwa ndogo sana. Mwisho nikasema, "Mama yangu aligawa." Basi, nikalia juu ya karanga zao.

Mama Kalunde akafunga vidonge vyake vyote vinne, akamwambia Nyamizi, "Inuka. Jua bado lipo. Huyu mtoto atatusindikiza."

Tulikwenda. Nyamizi alininunia njia nzima, na pale mlangoni pa zahanati akanikabidhi mwanawe wa mgongoni nimshike, akaingia. Alipotoka alikuwa na vyake, vinne. Alisema tu, "Usimwambie mtu kwamba ni wewe uliyeniambia." Sitasema. Nimekuandikia wewe peke yako.

Sijui kama aibu hii itanitoka. Jana kisimani wanawake walinyamaza nilipofika, na sijui walikuwa wanasema nini. Lakini walipotania tena juu ya Kulwa na Doto, Mama Kalunde aliwakatiza: "Acheni. Neno hilo lina kaburi." Kwa mara ya kwanza sikuinamisha uso.

Kesho narudi shule. Pumzika, Mayu. Bibi amezeeka, na huyu mdogo wangu akikua huenda asiwepo wa kumwambia gizani. Nitamwambia mimi, mchana, nikimtazama. Nitamfundisha kugawa chumvi, na moto, na karanga, na kitanda kwa mgeni, kama ulivyokuwa wewe. Halafu nitamfundisha kile kimoja cha kumeza chote peke yake, na kwamba kwa hicho hatazikwa peke yake.

Mwanao