Pombe Juu ya Altare

Jumamosi, mwezi wa sita, 2018. Dallas. Joto la kuchoma, na roho yangu imechafuka tangu mchana.

Mjukuu wangu Divine, niliyemlea mwenyewe tangu kambi ya wakimbizi Kigoma, anaolewa Oktoba. Leo kani-drive mpaka nje ya Fort Worth kunionyesha ukumbi wa sherehe. "Bibi, utaupenda, uko kama kanisa."

Kama kanisa! Ni abasia ile, nyumba ya watawa. Mawe ya wamonaki Wabenedikto, kutoka Ufaransa ya zamani sana. Binti wa ukumbi alieleza, Divine akanitafsiria. Wamonaki walisali humo mchana na usiku, wakalima, wakazikana. Baadaye serikali ikawafukuza, wanakijiji wakabeba mawe wakajengea mabanda ya nguruwe. Yaliyobaki, tajiri mmoja wa Texas akayaleta kwa meli.

Wa nguruwe nawasamehe. Walikuwa maskini.

Lakini hawa! Kaunta ya pombe ni jiwe moja refu. Nikaweka pochi yangu juu yake, na soda niliyopewa. Kuinua glasi, naona msalaba umechongwa. Nikapapasa: minne pembeni, mmoja katikati. Mimi sikusoma, ila nimefua na kutandika vitambaa vya altare miaka kumi na tisa. Misalaba mitano ni altare. Na karibu na ule wa katikati pana kishimo, cha kuwekea mifupa ya watakatifu.

Wamekijaza vijiti vya kuchokolea meno.



"Bibi, please, usianze. Ni jiwe tu. Na kwenye picha linatoka vizuri."

"Na kaburi langu nalo utalipigia picha na bia juu?"

Binti wa ukumbi akawa anatabasamu tu, haelewi kitu.

Divine akanirudisha Vickery Meadow, mtaani kwangu. Kufika mlangoni: "Basi usije, Bibi." Akaondoa gari.

Limeniuma hilo. Na linanichukiza kwamba soda ile niliimaliza.

Lakini nitakwenda. Jumatatu nampigia mwenye ukumbi, kwa Kiingereza changu hiki kibovu, pombe ihamie kwenye meza ya mbao. Akikataa, nitasimama mbele ya jiwe lile kuanzia keki mpaka muziki wa mwisho. Mwenye kiu aje aniombe nimpishe, mbele ya bibi harusi.

Magoti ni mabovu, lakini nitasimama.