Kondoo wa Shukrani na Presha Niliyoificha

Mpendwa mshauri Dada Agnela, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana hapa Kisongo furaha imenizidi kimo. Mimi ni Lesikar, miaka hamsini na minne, tumbo limetangulia mwili kama kiongozi wa msafara. Wauguzi walikuja kanisani kupima wazee presha, nikampeleka mama yangu, Yeyo Nkasiogi, miaka sabini na minane, akagoma, eti kile kitambaa kinachokaba mkono kisimguse, basi mimi shujaa nikatoa mkono wangu kwanza nimwonyeshe hakiumi, muuguzi akapima, akapima tena, akaninong'oneza, "Baba, 176 kwa 108, kesho uje kituo cha afya," halafu Yeyo akapimwa, mzima kama ndama, na aliponiuliza, "Na wewe je?" nikajikuta nasema, "Sote wazima, Yeyo!" Dada, aliruka! Hata ule mguu anaoulalamikia kila masika uliruka! Sasa ametoa kondoo wa shukrani, kwaya imealikwa, wakwe wanatoka Monduli Jumamosi hiyo, na atayeyusha mafuta ya mkia wa huyo kondoo kwa mkono wake ili mimi mwanawe mzima ninywe kikombe tele mbele ya wageni. Wiki mbili sasa sijaenda kituoni. Nikisema, namvunja moyo, nikinyamaza, nakunywa. Nifanyeje?

Lesikar, Kisongo

Kaka Lesikar, hongera kwa mama, na pole kwa ujinga wako. Nakusema kwa upendo. Mimi mwenyewe nilikwepa kupima sukari miaka mitatu. Presha haiumi, hiyo ndiyo hila yake: itakuangusha ukiwa unacheka na wakwe. Umri wako ndio wa kuwahi mambo, presha, sukari, tezi dume, kabla hakijaharibika kitu. Na Yeyo asidhani amemaliza! Apimwe macho, na huo mguu uangaliwe, maana mzee akianguka nyonga ikavunjika, ni safari ndefu.

Unaogopa kumvunja moyo? Asingegoma, usingetoa mkono, na usingejua. Hiyo ndiyo shukrani yenyewe, kondoo achinjwe! Kikombe cha mafuta kikija, sema mbele ya wote, "Nimekatazwa na daktari." Hakuna mkwe atakayekushika taya.

Kesho asubuhi uwe kituoni. Ukipewa dawa, meza kila siku, usiache eti kwa sababu unajisikia vizuri. Lakini leo, kabla ya chakula cha jioni, mwambie Yeyo ukweli. Akifoka, nyamaza umsikilize. Asubuhi utamkuta ameshavaa viatu, anakungoja mlangoni.