Haikuwa Asidi, Jelagat

Mpendwa dada yangu Jelagat,

Juzi ulinipigia simu kutoka Voi ukaniambia likizo hii utamleta binti yako Eldoret, kwamba anataka kukimbia, na mkufunzi awe mimi. Ukacheka: "Lakini Kocha, hicho kitambi kitamfuata kweli?" Nikacheka pia. Simu ilipokatika nikabaki nimekaa barazani kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Kabla hujapanda gari, kuna jambo nilipaswa kukuambia miaka mingi iliyopita. Naliandika wazi ili wakufunzi wenzangu nao wasome, maana wengi wetu bado tunaliuza lile neno: asidi.

Unakumbuka Jumanne zetu? Wewe kwenye raundi, mimi na saa shingoni, napiga kelele kana kwamba ninayechoka ni mimi. Ukimaliza ya mwisho ulijitupa kwenye nyasi, mapaja yanawaka moto. "Ni asidi," nakwambia, kwa sauti ya profesa. Uprofesa wenyewe niliupatia kwenye kibanda cha chai pale Kimumu, kwa mzee mmoja aliyewahi kukimbia. Mimi niliifikiria kama ile asidi ya betri ya gari: imejaa miguuni, haitoki mpaka uisukume kwa kukimbia tena kesho yake.

Ndiyo maana Jumatano ile sikushtuka.

"Aki Kocha, leo siwezi. Inauma hapa."

"Hiyo ni asidi tu, itatoka na jasho. Ama umekuwa mvivu kama mimi?"

Uliweka kidole. Kimoja. Kwenye mfupa wa mbele, chini ya goti. Sikuinama kuangalia. Wiki tatu nzima, kila ulipochechemea nilikupa neno lile lile, na mama akachemsha maji ya chumvi ya kukukanda kwa amri yangu. Kisha siku ya mashindano ya kaunti mfupa ukakatika kwenye kona ya mwisho, na mimi pale pembeni bado napiga kelele, "Sukuma! Ni asidi!"

Majuzi nilienda semina ya wakufunzi hapa mjini. Nilifuata chakula cha mchana, nisikudanganye. Mwalimu, mama mmoja mpole, akatuchorea msuli ubaoni. Akasema ukikimbia kwa nguvu sana, msuli huvunja sukari upesi upesi ili upate nguvu, na hapo ndipo laktati, hiyo tunayoiita asidi, huzalishwa kwa wingi. Ule moto wa mapajani ni wa wakati huo huo, msuli ukiwa umechachuka. Lakini laktati si takataka. Moyo huichoma, misuli mingine huitumia, ini huigeuza ikawa sukari tena. Ukipumzika saa moja hivi, imeshapungua ikawa kama kabla hujakimbia. Maumivu ya kesho yake ni misuli iliyochanika kidogo kidogo, nayo husambaa mguu mzima.

"Lakini mkimbiaji akikuonyesha kwa kidole kimoja, juu ya mfupa," akasema, "huenda mfupa una ufa. Simamisha mazoezi, mpeleke hospitali."

Wenzangu wakaandika. Mimi niliiweka kalamu chini. Chakula sikukigusa, na wewe unajua hiyo si kawaida yangu.

Hujawahi kunilaumu. Hospitalini ulisema, "Ni bahati mbaya tu, Kocha," kwa sababu mimi ndiye niliyetangulia kukuambia hivyo. Haikuwa bahati. Hiyo asidi yangu ya Jumanne ilikuwa imeisha kabla hatujamaliza chai nyumbani. Kilichobaki mguuni mwako kilikuwa ufa, na juu ya ufa huo, mimi na kelele zangu.

Sasa unajua. Ukiamua mtoto aende kwa mkufunzi mwingine, nitakuonyesha mzuri, na chupa za maji nitabeba mimi. Ukimleta kwangu, siku atakayosema mguu unauma sitamwambia ni asidi. Nitapiga magoti, na kitambi changu hiki, nimuulize: weka kidole, ni wapi?

Nisamehe, Jelagat.

Ni mimi kaka yako,
niliyeshindwa kuinama